Usingizi na Ndoto za Waliofungiwa Ndani

Miezi ya Machi, Aprili na Mei ya mwaka 2020 iliwaweka majumbani mamia ya mamilioni ya watu kwa wakati mmoja, na kwa sababu hiyo iliwapa wataalamu wa usingizi nafasi ambayo hakuna maabara ingeweza kuwapa: kuona kinachoupata usingizi wa binadamu pale saa ya kazini, kengele ya shule na safari ya alfajiri vinapoondolewa kwa mkupuo mmoja, na mahali pake ikaingia hofu. Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 11 Machi kwamba UVIKO-19 umekuwa janga la dunia. Italia ilikuwa imekwisha kutangaza tarehe 9 kufungwa kwa nchi nzima, Ufaransa ikafuata tarehe 17, na kabla mwezi haujaisha Rwanda, Uganda na Kenya nazo zilikuwa zimetoa amri zake, kila moja kwa namna yake. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba yaliyoonekana katika miezi ile yameelezwa nusunusu. Imesemwa sana kwamba watu waliota ndoto mbaya kwa kuwa walikuwa na hofu, jambo ambalo ni kweli. Haikusemwa vya kutosha kwamba wingi wa ndoto hizo ulitokana na mpangilio wa usingizi wenyewe, wala kwamba ndoto zilizootwa baada ya milango kufunguliwa zinafundisha kuhusu kufungiwa pengine kuliko zile zilizootwa ndani.

Usingizi si hali moja inayoendelea sawasawa tangu mtu afumbe macho mpaka anapoamka. Mwaka 1953, katika Chuo Kikuu cha Chicago, Eugene Aserinsky na mwalimu wake Nathaniel Kleitman walichapisha ushahidi kwamba kila baada ya muda macho ya aliyelala huanza kuchezacheza kwa kasi chini ya kope, na kwamba mtu akiamshwa wakati huo, mara nyingi huwa na ndoto ya kusimulia. Hatua hiyo, itakayoitwa hapa usingizi wa macho kuchezacheza, ni ya ajabu kwa kuwa ndani yake ubongo hufanya shughuli inayokaribia ile ya kuwa macho, ilhali misuli mikubwa ya mwili imelegezwa isiweze kutii amri zake. (Jinamizi linalomkaba mtu kifuani, akawa anajiona yu macho lakini hawezi kuinua hata kidole, hutokea pale akili inapozinduka kabla ulegevu huo haujaondoka.) Kabla ya hatua hiyo hupita usingizi mwepesi na usingizi mzito, na mzunguko mzima huchukua takriban dakika 90, ukarudiwa mara nne hadi sita kwa usiku mmoja. La kuzingatia ni kwamba mizunguko hiyo hailingani: mwanzoni mwa usiku hutawala usingizi mzito, na kadiri asubuhi inavyokaribia ndivyo usingizi wa macho kuchezacheza unavyorefuka na ndoto zake zinavyozidi kuwa ndefu na za kina. Kwa hiyo anayelala saa sita badala ya nane hapotezi robo ya ndoto zake. Hupoteza sehemu kubwa zaidi ya hiyo, kwa sababu saa mbili alizozikata ndizo zenye ndoto nyingi.

Na saa hizo za mwisho ndizo ambazo maisha ya kisasa huzikata kwanza. Mfanyakazi anayeishi pembezoni mwa Dar es Salaam au Nairobi, ambaye lazima awe barabarani kabla ya mapambazuko ili asikwame kwenye foleni, pamoja na mtoto anayesubiri basi la shule gizani, huamshwa katikati ya sehemu hiyo ya usiku siku tano au sita kwa juma. Alexander Borbély wa Zurich alieleza mwaka 1982 kwamba usingizi huendeshwa na nguvu mbili: ya kwanza ni hamu ya usingizi, inayojikusanya kadiri mtu anavyokaa macho, na ya pili ni saa ya mwili, kitovu kidogo ndani ya ubongo, juu ya mahali mishipa ya macho inapopishana, ambacho hurekebishwa kila siku na mwanga wa jua. Ratiba ya kazi haijali nguvu yoyote kati ya hizo. Till Roenneberg na wenzake wa Munich walipima gharama ya kutojali huko kwa kulinganisha katikati ya usingizi wa siku za kazi na katikati ya usingizi wa siku za mapumziko. Tofauti iliyopatikana, ambayo inaweza kuitwa pengo la ratiba, huonyesha jinsi mwili unavyolazimishwa kuishi katika saa isiyo yake, mithili ya msafiri anayevuka majira kila Jumatatu na kurudi kila Ijumaa.

Kufungiwa ndani kulipunguza pengo hilo karibu kila mahali lilipopimwa. Christine Blume na wenzake wa Basel waliwauliza watu 435 wa Austria, Ujerumani na Uswisi kati ya tarehe 23 Machi na 26 Aprili, wakaona kwamba pengo la ratiba limepungua na muda wa kulala umeongezeka kwa takriban dakika 13. Katika Chuo Kikuu cha Colorado, mjini Boulder, wanafunzi 139 waliokuwa wamepimwa usingizi kabla ya janga walipimwa tena walipokuwa wakisomea nyumbani, na ikaonekana kwamba wamejiongezea kama nusu saa ya kulala siku za masomo na dakika zipatazo 24 siku za mapumziko. Maria Korman, akishirikiana na Roenneberg na wengine, alikusanya majibu kutoka nchi 40, na sura ikawa ileile: watu walilala na kuamka wakiwa wamechelewa zaidi, na wengi waliacha kutegemea saa ya kuamshia. Kwa maneno mengine, kizazi kizima cha wafanyakazi na wanafunzi kilirudishiwa zile saa za mwisho wa usiku.

Lakini kurudishiwa saa si kurudishiwa utulivu. Haohao waliohojiwa na watafiti wa Basel, waliokuwa wakilala zaidi, walisema usingizi wao umepungua ubora, na hapa pana fundisho linalostahili kukaziwa kuliko linavyokaziwa na vitabu vya afya vinavyohesabu saa peke yake. Saa ya mwili huhitaji mwanga mkali wa asubuhi, na aliyejifungia chumbani haupati. Hamu ya usingizi hukua vizuri zaidi mwili ukitembea na kuchoka, na mwili uliokaa kitini mchana kutwa hauna cha kupumzikia. Zaidi ya hayo, kitanda kilichogeuzwa ofisi, darasa na mahali pa kusomea idadi ya waliofariki kilikoma kuwa ishara ya kulala. Hali hii ilikuwa imekwisha kuonekana katika jaribio lisilohusiana na ugonjwa wowote: tangu Juni 2010 hadi Novemba 2011 wanaume sita walifungiwa kwa siku 520 mjini Moscow ndani ya jengo lililoigiza chombo cha kusafiria hadi Mirihi, wakivaa kifaa cha mkononi kilichopima mienendo yao. Kadiri miezi ilivyopita walijongea kidogo na kulala zaidi, walio wengi walipatwa na kasoro moja au nyingine ya usingizi, na mmoja wao akaanza kuishi kwa siku inayokaribia saa 25. Hao walikuwa wamechaguliwa kwa uimara wao, hawakuwa na hofu ya kuambukizwa, na hawakuwa na mgonjwa wa kumfikiria.

Mambo haya mawili, yaani saa za asubuhi zilizorudi na usingizi uliokatikakatika, yakiwekwa pamoja, ndiyo yanayoeleza kwa nini watu wengi walidhani kwamba wameanza kuota zaidi kuliko kawaida. Kila mtu huota kila usiku. Kinachotofautiana ni kukumbuka, na kukumbuka kunahitaji kuzinduka. Perrine Ruby na wenzake wa Lyon walikuwa wamekwisha kuonyesha mwaka 2014 kwamba wanaokumbuka ndoto mara kwa mara hukaa macho kwa jumla ya takriban dakika 30 katikati ya usiku, ilhali wasiokumbuka hukaa takriban 14, kwa kuwa ubongo uliolala hauwezi kuhifadhi kwa muda mrefu kile unachokiona. Mwaka 2020 ulimpa mtu wa kawaida masharti ya yule anayekumbuka: usingizi mrefu wenye ndoto nyingi mwishoni, kuzindukazinduka kwa wasiwasi, na asubuhi isiyo na mlio wa saa unaoikimbiza ndoto kabla haijashikwa. Uchunguzi wa kimataifa uliowafikia watu zaidi ya 19,000 katika nchi 14 ulithibitisha kwamba kukumbuka ndoto kuliongezeka wakati wa janga ikilinganishwa na kabla yake. Laiti watu wangeambiwa hivyo wakati ule, pengine baadhi yao wasingeshikwa na hofu ya pili, ile ya kudhani kwamba akili zao zinaharibika.

Kuhusu kilichomo ndani ya ndoto, hofu ndiyo yenye neno. Nchini Finland, watafiti wakiongozwa na Anu-Katriina Pesonen wa Helsinki walipata majibu ya watu 4,275, ambao 811 kati yao waliandika ndoto zao. Zilipochambuliwa kwa kompyuta ili kuona ni maneno gani yanayofuatana, yalipatikana makundi 33 ya ndoto, na 20 kati ya hayo yalikuwa ya ndoto mbaya, mengi yakihusu watu kusogeleana kuliko inavyotakiwa, kukumbatiana kimakosa, vifaa vya kujikinga vilivyokosekana, na wazee walio hatarini. Nchini Brazil, Natália Mota, Sidarta Ribeiro na wenzao walichambua masimulizi 239 ya watu 67, wakakuta kwamba ndoto za wakati wa janga zilikuwa na maneno mengi zaidi ya hasira na huzuni kuliko za kabla yake, pamoja na mambo ya uchafu na usafi, na kwamba dalili hizo ziliambatana na mateso ya nafsi aliyokuwa nayo mwotaji mchana.

Hata hivyo, ugonjwa wenyewe haukuonekana kila mara kwa sura yake. Deirdre Barrett wa Harvard, aliyeanza kukusanya ndoto kwa dodoso mwezi Machi 2020, alipokea nyingi zilizojaa wadudu: majeshi ya mende yakimkimbilia mwotaji, mafungu ya minyoo inayojinyonganyonga, panzi wenye meno marefu ya kunyonyea damu. Wengine waliota mawimbi makubwa ya bahari, vimbunga na mitetemeko ya ardhi. Ernest Hartmann, aliyewachunguza kwa miaka mingi watu waliopatwa na misiba, alieleza kwamba hisia kali ikikosa picha yake hujitafutia picha inayolingana nayo kwa uzito, na kirusi kisichoonekana kwa macho hakimpi mwotaji picha yoyote. Kundi la wadudu linafaa kabisa: ni vitu vidogo, vingi, visivyohesabika, vinavyoingia popote na kumdhuru mtu kwa wingi wao. Watumishi wa afya, kwa upande wao, hawakuhitaji picha ya kuazima. Waliota wodi zilezile walizotoka, wakijaribu kuingiza mrija katika koo la mgonjwa asiyeweza kupumua na mrija hauingii, au mashine ya kupumulia ikizima mikononi mwao. Tofauti hiyo ina maana ya kitabibu, kwa sababu ndoto inayorudia tukio kama lilivyotokea ndiyo ishara ya jeraha la nafsi, na ndoto ya mende, hata ikitisha namna gani, ni kazi ya kawaida ya akili inayojaribu kuizoea hatari.

Wanazuoni wa Kiislamu, ambao elimu yao ya ndoto imekaa pwani ya Afrika Mashariki kwa karne nyingi, hugawa ndoto mafungu matatu kwa kufuata hadithi ya Mtume: bishara njema itokayo kwa Mwenyezi Mungu, ndoto ya kuhuzunisha itokayo kwa shetani, na ile itokanayo na mambo ambayo mtu huzungumza na nafsi yake. Fungu la tatu liko karibu sana na kile ambacho Calvin Hall na waliomfuata nchini Marekani walikiita mwendelezo, yaani kwamba ndoto huendeleza yale yanayomshughulisha mtu akiwa macho. Swali gumu ni hili: je, kinachomshughulisha aliyefungiwa ni ukuta, au ni kitu kingine?

Jibu lililo bora zaidi limetoka Roma. Serena Scarpelli, Luigi De Gennaro na wenzao wa Chuo Kikuu cha Sapienza waliwaomba watu wazima 90 wajaze shajara ya usingizi na ndoto kila asubuhi kwa majuma mawili, la kwanza likiwa la mwisho wa kufungiwa, tarehe 28 Aprili hadi 4 Mei, na la pili likiwa la kwanza la kulegezwa kwa amri, tarehe 5 hadi 11 Mei. Katika juma la kufungiwa watu hao walizinduka mara nyingi zaidi usiku, walipata shida zaidi ya kushikwa na usingizi, walikumbuka ndoto nyingi zaidi, na walikuwa na ndoto nyingi zaidi zile ambazo mwotaji hujua ndani yake kwamba anaota. Milango ilipofunguliwa, vyote hivyo vilipungua kwa haraka. Kitu kimoja kikaongezeka: ndoto za kuwa mahali penye umati.

Matokeo hayo hayakutarajiwa na wale wanaodhani kwamba ndoto hufidia kinachokosekana, kwani kama ingekuwa hivyo, umati ungeonekana pale ambapo watu walikuwa na kiu nao. Yapo maelezo mawili. Inajulikana kwamba tukio la mchana hurudi katika ndoto usiku uleule au usiku unaofuata, kisha hurudi tena baada ya siku tano hadi saba, na huenda ndoto za umati zilikuwa mwangwi wa mitaa iliyoanza kujaa. Maelezo ya pili yana uzito zaidi: aliyefungiwa hakuwa na uamuzi wowote wa kufanya kuhusu umati, kwa sababu serikali ilikuwa imeamua kwa niaba yake, lakini ruhusa ilipotolewa, kila duka, kila kituo cha basi na kila mkono ulionyooshwa vikawa swali. Ndoto za Finland zinaunga mkono usomaji huu, kwa kuwa huko watu hawakukatazwa kutoka majumbani, na tangu mwanzo waliota kuhusu kusogeleana. Antti Revonsuo, naye Mfini, alipendekeza mwaka 2000 kwamba ndoto ni uwanja wa kuzoelea hatari kabla haijafika. Hatari ya kuzoelea ni ile ambayo mtu anaweza kukutana nayo kesho, na ukuta usiojongea haumo katika hesabu hiyo. Watu 90 ni wachache, tena wengi wao walikuwa wanawake, na majuma mawili ni muda mfupi. Lakini hakuna kundi jingine lililonaswa kwa usahihi namna hiyo katika usiku wenyewe wa kufunguliwa.

Mfano mwingine wa kulinganisha unatoka katika kifungo cha kweli. Kati ya 1940 na 1942, katika kambi ya Wajerumani ya Laufen, Bavaria, ofisa wa Kiingereza aliyekuwa mateka, Meja Kenneth Hopkins, aliwaendea wenzake kila asubuhi akaandika ndoto zao kwa ajili ya utafiti aliokusudia kuuwasilisha chuoni akirudi kwao. Hakurudi, alifia kambini kwa ugonjwa wa mapafu. Madaftari yake yalibaki, na mwaka 2013 Barrett na wenzake walichapisha uchambuzi wa ndoto 640 za mateka 79. Vita, kukamatwa, kutoroka na chakula vilikuwemo, kama ambavyo yeyote angetazamia, lakini ndoto hizo zilikuwa na ugomvi mchache, urafiki mchache na mapenzi machache kuliko ndoto za kawaida za wanaume huru. Kifungo kirefu kilikuwa kimepunguza hisia zenyewe, na kupungua huko ni hasara isiyopiga kelele, kwani hakuna amwendeaye daktari kulalamika kwamba ndoto zake zimefifia.

Ni haki kuuliza pia ni usingizi wa nani uliopimwa mwaka 2020. Dodoso nyingi zilisambazwa kwa intaneti na kujibiwa na wale wenye simu ya kisasa, muda wa kujaza, na kazi inayoweza kufanywa nyumbani; zawadi ya dakika 13 au ya nusu saa ilikuwa ya hao. Kenya iliweka kafyu tarehe 27 Machi 2020, tangu saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, na kafyu ya namna moja au nyingine ikaendelea hadi tarehe 20 Oktoba 2021. Amri hiyo ilifunga usiku na kuuacha mchana wazi, hivi kwamba muuza mboga alilazimika kufunga kibanda wakati wateja wanatoka kazini, akakimbilia nyumbani kwa hofu ya rungu, na kuamka palepale alipokuwa akiamka siku zote. Familia ya watu sita katika chumba kimoja haipati usingizi mrefu kwa kuamriwa kuingia ndani mapema. Hupata joto, kelele na muda mwingi zaidi wa kuwaza kodi ya nyumba. Nchini Uganda shule zilifungwa tangu Machi 2020, na ingawa baadhi ya madarasa yalirudi kwa vipindi, hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022, muda ambao kwa mtoto unatosha kuhamisha saa ya mwili mara kadhaa na kuirudisha ghafla kwa kengele. Kisha kuna jambo la adabu, ambalo mtafiti wa kigeni hulipita bila kuliona: katika jamii za Waislamu wa pwani aliyeota ndoto mbaya hufundishwa asimsimulie mtu, bali ajikinge kwa Mungu na ageuke upande mwingine alale. Dodoso linalomtaka aandike ndoto mbaya kuliko zote alizoota linamtaka avunje mafundisho ya mama yake, na ukimya wake usihesabiwe kuwa amani.

Kwa walio wengi, ndoto zilitulia pamoja na amri kulegezwa, ingawa Barrett aliendelea kupokea ndoto ambazo mtu hujikuta sokoni au kazini bila barakoa, akiwa na aibu ileile ya aliyejikuta uchi mbele ya watu. Waliougua wenyewe hawakupona ndoto zao kwa urahisi huo: uchunguzi wa kimataifa uliowalinganisha watu 544 waliopata UVIKO-19 na wengine 544 ambao hawakuupata ulionyesha kwamba ndoto za kutisha ziliwaandama zaidi waliougua, hasa waliobaki na wasiwasi na dalili za jeraha la nafsi. Hao, pamoja na wauguzi wanaoendelea kuona mrija usioingia, hawatakiwi kuachwa wasubiri. Ipo tiba isiyo na dawa, iliyopimwa na Barry Krakow na wenzake kwa wanawake 168 walionusurika udhalilishaji wa kijinsia na kuchapishwa mwaka 2001: mtu huichukua ndoto inayomrudia, huibadilisha mchana akiwa macho kwa namna yoyote anayoitaka yeye, kisha hulipitia simulizi jipya kichwani kwa dakika chache kila siku. Katika utafiti ule ndoto za kutisha zilipungua, usingizi ukawa bora, na dalili za jeraha zikalegea. Muuguzi wa Mombasa au wa Bergamo anaweza kufundishwa njia hiyo katika vikao vichache, na kwa kuwa mazoezi yenyewe hufanyika ndani ya kichwa chake, halazimiki kumsimulia mtu yeyote ndoto aliyoiona.